Jumapili Stima Ilipopotea

Kisima chetu cha Mishomoroni, ukikichungulia, maji ni maangavu,
unaweza kuhesabu sarafu zilizozama.
Lakini leta sabuni uone: haitoi povu.
Unasugua, unasugua, nguo inabaki na ukakasi,
na ulimi ukionja, chumvi.

Ndivyo nilivyokuwa mimi, Mghoi wa viazi karai,
miezi saba nikienda kanisani na leso iliyopigwa pasi,
safu ya tatu, upande wa pangaboi,
na mbele yangu, safu ya pili, kisogo cha Nyamvula.

Nyamvula wa chama. Nyamvula mweka hazina.
Elfu kumi na nane zangu, za zamu yangu,
za bati la jikoni,
alizila, au zilimla yeye, sijui.
Alisema mtoto alilazwa. Nikasema, wa nani hajalazwa?
Nikaandika jina lake kwenye daftari la madeni
kwa kalamu nyekundu, nikalipigia mistari miwili.

Nikasali, ndiyo. Nani hasali?
Nilimwambia Mungu, "Wewe u mwenye haki,"
huku jicho langu likimwonyesha mtu.
Nilipoinua mikono, mmoja ulikuwa umefumbata risiti.

Basi Jumapili ile, katikati ya pambio,
stima ikapotea.
Kinanda kikameza sauti yake. Spika zikafa.
Pangaboi likazunguka kivivu mara tatu, nne, likasimama,
na joto la Machi likatukalia mapajani kama mtoto wa mgeni.
Mzee Mwadime akagonga maikrofoni, akaigonga tena, akaiweka chini.
Kimya.
Nje muuza maji alikuwa akisukuma mkokoteni,
mitungi ikigongana.
Nikadhani tutaketi.

Lakini sauti moja haikujua kwamba muziki umekwisha.
Nyembamba, ina mkwaruzo, imechanika pembeni kama leso ya kushindia,
ikaendelea na neno moja tu: Bwana. Bwana.
Ilitoka kwenye kisogo nilichokijua kila unywele.

Miezi saba nilimsikia kupitia spika,
yaani sikumsikia.
Sasa niliisikia pumzi ikivutwa, ikikosekana,
nikaiona shingo ikitetemeka juu ya kola iliyogeuzwa.
Mtu hageuzi kola akiwa na elfu kumi na nane.

Sikutaka kuimba. Mdomo ulinitangulia.
Niliingia chini ya sauti yake
kama unavyomsaidia mwenzako kutua ndoo:
unashika ukingo, huulizi ndoo ni ya nani.
Na neno lile, Bwana, nililolisema miaka arobaini
kama mtu aitaye askari amwonyeshe mwizi,
safari hii liligeuka likanitazama mimi.
Mimi, ninayechovya viazi vya leo
kwenye mafuta ya juma lililopita
na kuwaambia wateja, mapya hayo, mapya.

Nililia. Si kilio cha kuonewa; kile nimekizoea, kina maneno mengi.
Hiki hakikuwa na hata moja.

Stima iliporudi watu walipiga makofi,
wengine kwa Mungu, wengine kwa pangaboi.

Usidhani niliichana ile karatasi. Siongopi.
Deni lipo, wino wake bado mwekundu.
Ila jioni ile niliyamwaga mafuta yote ya kwenye karai,
nayo hasara hiyo sikuiandika popote.
Na Jumatatu mtoto wa Nyamvula akaja na shilingi ishirini,
akasimama mbali, kama uso wangu ulivyomfundisha.
Nikamwita. Nikamfungia viazi, ukwaju kando,
nikahesabu hadi sita, hesabu ikanipotea.

Usiku mvua ikanyesha, bati likavuja kama desturi yake.
Nikatega beseni chini ya tundu.
Asubuhi nikafua leso kwa maji yale.
Sabuni kidogo tu, kipande cha kutupa.
Povu likanifika viwikoni.